Kalamu Moja, Milango Mingi

Neno "kujitegemea" limepita katika mikono mingi hapa kwetu. Tangu Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, neno hili limeandikwa ukutani, limeimbwa na watoto wa shule, na limefundishwa madarasani. Baadaye likahamia mitaani, ambako kijana aliyetoka nyumbani kwa baba yake na kupanga chumba kimoja Manzese husemwa kwamba sasa anajitegemea. Sisi tunaoandika bila kuajiriwa tuliliazima, tukajiita waandishi wa kujitegemea.

Ajabu ni kwamba hakuna mtu anayetegemea watu wengi kama mwandishi wa kujitegemea. Humtegemea mhariri aipende makala yake, mpiga chapa apate karatasi, na mtunza fedha awepo ofisini siku ya malipo. Humtegemea pia mwenye duka amkopeshe unga mpaka mwisho wa mwezi. Nimeishi na jina hilo tangu mwaka 1986, na katika kurasa hizi nataka kueleza maana niliyoipata ndani yake. Naiandika hasa kwa ajili ya vijana wanaonifuata kuuliza kama kalamu inalisha.

Kwanza tuondoe dhana moja. Vijana wengi hudhani kwamba mwandishi wa kweli ni yule anayekaa mezani akaandika vitabu tu, na kwamba anayeandika leo mchezo wa redio, kesho makala ya gazeti na keshokutwa kichekesho cha ukumbini ni mtu wa kubahatisha. Lakini tuwatazame wakubwa wetu. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa karani serikalini kwa zaidi ya miaka 30, na mashairi yake aliyaandika baada ya saa za kazi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Ben Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, kisha akawa mchapishaji wa vitabu. Katika lugha yetu waliokula kwa vitabu peke yake ni wachache mno. Basi milango mingi si aibu. Ni desturi ya kazi yenyewe.

Mlango wangu wa kwanza ulikuwa redio. Miaka hiyo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni haikuwapo kabisa hadi mwaka 1994. Mchezo wa redio wa dakika 15 ulihitaji kurasa saba au nane za taipu, na kila ukurasa ulikuwa na sheria zake. Msikilizaji haoni. Kwa hiyo mtu akiingia ndani, lazima mlango ulie au mwingine amtaje kwa jina. Ukiweka watu sita katika onyesho moja, msikilizaji anapotea, kwa sababu sikio la mtu anayepika au anayeshona haliwezi kubeba sauti sita. Redio ilinifundisha kuandika sentensi inayoeleweka mara ya kwanza, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji.

Redio ilinifundisha jambo jingine, na hilo halikutoka katika kazi yangu bali katika kazi ya wengine. Mwaka 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliozungumzia ukimwi na uzazi wa mpango, ukiwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju ambaye nchi nzima ilimsema vibaya kama jirani. Nasema nchi nzima, lakini si kweli kabisa. Kwa miaka miwili, hadi 1995, eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia na wale ambao hawakuusikia. Niliposoma habari hiyo baadaye, niliweka karatasi chini nikatulia. Mahali palinyimwa hadithi kwa makusudi ili ijulikane hadithi ina kazi gani! Tangu siku hiyo sikukubali tena mtu aniambie kwamba maigizo ni mchezo mchezo tu.

Mlango wa pili ulikuwa ukumbi. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990, na ushindani wa Muungano na TOT uliojaza kumbi za Dar es Salaam. Katika usiku mmoja ulipata ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo, kwa kiingilio kimoja. Mimi niliandikia kikundi kidogo zaidi, ambacho hakipo tena. Nilikwenda na mswada wangu uliochapwa vizuri, kila mtu na maneno yake, na kiongozi wa kikundi akaurudisha mezani huku akitabasamu. "Mwalimu," aliniambia, ingawa sikuwa mwalimu, "hawa hawasomi maneno. Wewe tusimulie njia, watapita wenyewe." Ndivyo igizo lilivyofanyika ukumbini. Mtunzi alieleza nani anamdai nani, nani anaficha nini na siri inafichuka wapi, na waigizaji walijaza maneno mbele ya watu, kila usiku kwa namna yake. Pale nilijifunza mifupa ya hadithi. Mwigizaji mzuri anaweza kuokoa maneno mabaya, lakini hadithi isiyo na mifupa haiokoki, na watu wa ukumbini hawakuandikii barua ya malalamiko. Wanaondoka tu kwenda kununua mishikaki.

Mlango wa tatu ulikuwa magazeti. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yaliota kama uyoga wakati wa masika. Kwetu sisi wa nje ya ajira, maana yake ilikuwa malipo kwa kila habari iliyotoka. Haikutoka, hulipwi, hata kama uliifuata kwa basi mpaka Kibaha na kurudi. Gazeti lilinifundisha ufupi na lilinifundisha kuuliza jina la mtu mara mbili ili nisilikosee. Mlango wa nne ulikuwa vitabu. Mbali na hadithi zangu, nilihariri miswada ya wengine na kusoma prufu usiku, kazi ambayo jina lako haliandikwi popote na ambayo watu huitambua pale tu inapofanywa vibaya.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuipenda hali hii. Jioni moja aliniuliza mbele ya wageni, "Mkwe wangu, unafanya kazi wapi?"

"Ninaandika, baba," nikamjibu.

"Sikukuuliza unafanya nini," akasema kwa upole. "Nimekuuliza wapi."

Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli hapakuwa na "wapi". Kulikuwa na redio siku ya Jumatatu, mazoezi ya kikundi Jumatano, chumba cha habari karibu kila siku na prufu usiku. Mzee aliona mtu asiye na pa kuegemea, na hakuwa peke yake. Hata wenzangu walioajiriwa walinihurumia. Ilinichukua miaka kadhaa kuona kwamba kile walichokiona kuwa udhaifu ndicho kilichokuwa nguvu yangu. Niliona hivyo mara mbili, na mara zote mbili jambo lenyewe lilikuwa kusema hapana.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1996. Kiwanda kimoja kilikuwa kinalalamikiwa na wakazi wa jirani kwamba maji yake machafu yanaingia katika kijito ambacho kina mama walifulia nguo. Nilikuwa nimekwenda huko, nimeyaona maji na nimeongea na watu. Kiwanda kikaitisha mkutano na waandishi wa habari hotelini. Tulipewa maelezo, tukapewa chakula, na mlangoni tukapewa bahasha. Katika kazi yetu bahasha hiyo huitwa mshiko, na kila aliyekuwa pale alijua ni ya nini. Iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa na fedha karibu sawa na malipo ya habari kumi. Niliirudisha kwa yule dada aliyekuwa akizigawa, nikamshukuru, nikaondoka kwa miguu hadi kituo cha basi.

Msomaji asinivike taji. Siku tatu kabla ya mkutano ule kikundi cha sanaa kilikuwa kimenilipa kwa igizo la wiki nne. Nyumbani palikuwa na mchele, na kodi ya chumba ilikuwa imelipwa. Uadilifu wangu ulikuwa umeshiba. Mwenzangu aliyeketi kando yangu alikuwa na mtoto mgonjwa na gazeti lake lilikuwa halijamlipa kwa miezi miwili. Yeye aliichukua bahasha. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo, kwa kuwa alikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa umefungwa. Habari yangu ilitoka ukurasa wa ndani, fupi kuliko nilivyoiandika. Sikualikwa tena katika mikutano ya waandaaji wale, na baadhi ya wenzangu walininunia kwa muda mrefu kwa kuwa niliwafanya waonekane vibaya. Yote hayo nilimudu kuyabeba, kwa sababu sikuwategemea wao peke yao. Sijui kazi nyingine ambayo kichekesho cha ukumbini kinaweza kumlipia mtu uhuru wa kuandika habari ya maji machafu.

Mara ya pili ilihusu kitabu. Mwaka 1997 nilikuwa na mswada wa riwaya fupi niliouandika kwa miaka miwili, na mchapishaji mmoja akaupenda. Akaniwekea mezani mkataba wa ukurasa mmoja na shilingi 150,000 taslimu. Mwaka huohuo binti yangu wa kwanza alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na ilitakiwa ada, sare, godoro na sanduku. Fedha ile ingemaliza kila kitu siku hiyohiyo. Mkataba ulisema kwamba ninamwuzia mchapishaji haki zote za kazi hiyo, daima.

Niliomba siku mbili. Katika kiwanda cha uchapaji nilikosomea prufu kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za herufi za risasi. Nilimwonyesha karatasi ile. Akaisoma kama anavyosoma prufu, kidole chini ya kila neno, kisha akakigonga kidole juu ya neno moja.

"Mwanangu, unajua daima ni siku ngapi?"

"Ni maneno ya mikataba tu, mzee."

"Hakuna maneno ya mikataba tu. Wewe unaishi kwa maneno, halafu hili hulisomi? Huyu bwana anataka kuchapa kitabu. Mwuzie kuchapa. Kuigiza, kutangaza, kutafsiri, kufanya sinema, hayo hakukuomba, na wewe unampa bure."

Nilirudi kwa mchapishaji nikiwa na sentensi moja niliyoichapa mwenyewe: kwamba namwuzia haki ya kuchapa kitabu hicho kwa Kiswahili, kwa toleo la kwanza pekee, na haki nyingine zote zinabaki kwa mwandishi. Alicheka, akaniambia hakuna anayetaka hizo haki nyingine. Nikamwambia kama hakuna anayezitaka, basi niachie mimi. Akakubali, lakini bei ikashuka hadi shilingi 90,000. Tofauti ile ya shilingi 60,000 niliitafuta kwa kusoma prufu za kitabu cha jiografia usiku kucha na kwa kuwapa kikundi igizo jipya ambalo sikuwa nimepanga kuliandika. Binti yangu aliripoti shuleni akiwa amechelewa kwa wiki mbili. Ni mama wa watoto wawili sasa na bado ananikumbusha wiki hizo, jinsi alivyokuta wenzake wamekwisha gawana vitanda vya chini. Sina la kumjibu isipokuwa kwamba ni kweli.

Mwaka 2006 filamu za video zilikuwa zimeshika mji, na vijana watatu walikwenda kwa mchapishaji yule kununua hadithi yangu. Kwa haki yake niseme kwamba aliufungua mkataba, akaisoma sentensi ile, akawaelekeza kwangu. Niliwauzia haki ya kutengeneza filamu moja, basi. Fedha haikuwa ya kunitajirisha. Ilitosha mabati ya vyumba viwili. Filamu yenyewe ilitoka, ikanakiliwa na wezi wa kazi za watu, ikasahauliwa. Lakini hadithi bado ni yangu, na mwaka juzi nimeichapa tena kwa fedha yangu mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tangu hapo nimeisoma sheria. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, inailinda kazi ya mwandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ndugu msomaji, hebu uipige hesabu hiyo. Kijana wa miaka 25 anayeandika leo, akijaliwa kufika miaka 75, kazi yake italindwa kwa miaka 100. Anayeweka saini chini ya neno "daima" kwa sababu ya kodi ya mwezi huu anauza mali ya wajukuu ambao hajawaona. Na haki hiyo si kitu kimoja. Ni kama nyumba ya vyumba vingi: kuchapa ni chumba, kutafsiri ni chumba, kuigiza, kutangaza na kutengeneza filamu ni vyumba. Mpangaji akitaka chumba kimoja, humkabidhi funguo za nyumba nzima.

Leo mambo yamebadilika. Vijana wanauza hadithi sehemu kwa sehemu kwa WhatsApp, na malipo yanaingia katika simu kabla msomaji hajafika mwisho wa sura. Hawahitaji karatasi za kaboni, wala hawamsubiri mtunza fedha. Nawapongeza. Lakini wanaponiletea mikataba niwasomee, maneno ni yaleyale, na njaa inayowasukuma kuweka saini ni ileile.

Kwa hiyo wanaponiuliza kama kalamu inalisha, ninawajibu kwamba inalisha, ila kwa vijiko vidogo kutoka vyungu vingi. Jifunzeni zaidi ya kazi moja ya maandishi, na kila moja ijifunzeni sawasawa, kwa kuwa mwenye ukumbi hatakusamehe kwa sababu wewe ni mwandishi wa vitabu, wala mhariri hatakusamehe kwa sababu watu wanakucheka vizuri ukumbini. Wekeni daftari la kila mlichoandika, tarehe, mliyemwuzia na mlichomwuzia. Langu lina kurasa nyingi ambazo hazina jina langu popote palipochapwa, na bila daftari hilo hata mimi ningedhani sikuzifanya.

Kujitegemea, kwa jinsi nilivyokuja kukuelewa, si kutomtegemea mtu. Hakuna mtu wa namna hiyo, si mwandishi wala mkulima. Ni kutomtegemea mtu mmoja kiasi kwamba huwezi kumkatalia. Baba mkwe aliniuliza ninafanya kazi wapi, akafa kabla sijapata jibu la kumpa. Leo ningemwambia: "Baba, ninafanya mahali pengi, ili akinifukuza mmoja nisije nikaomba hifadhi kwako." Nadhani angecheka, maana alikuwa mkulima, na hakuwahi hata mwaka mmoja kupanda mahindi peke yake shambani.